Ruhusa ya kuigusa programu: ya kukagua kabla ya kumlipa fundi

Mtu akinunua kompyuta hapa Lubumbashi, huuliza bei, kisha huuliza kama ina "kila kitu ndani". Kila kitu ni Windows, Office, programu ya stoki na faktira, antivirusi, na kitu cha kufungulia PDF. Ni wachache wanaouliza jambo la tatu: siku kiwango cha TVA (kodi ya ongezeko la thamani) kikibadilika, au mteja akitaka faktira inayoonyesha dola na franga pamoja, nani atakuwa na ruhusa ya kuingiza mkono ndani ya programu hiyo? Jibu halitegemei ujuzi wa fundi peke yake. Limeandikwa kwenye leseni, yale maandishi marefu ambayo kidole hubonyeza "Nakubali" kabla jicho halijayafikia.

Nawaandikia mafundi, pamoja na wenye maduka, sekretaria (ofisi ndogo za kuchapa na kunakili), shule na vituo vya afya wanaowalipa. Mwanasheria atapata ya kuongeza. Mimi nabaki upande wa kazi.

Kuwa na nakala ya programu ni jambo moja. Kuruhusiwa kuitumia ni jambo lingine, na kuruhusiwa kuibadilisha ni lingine kabisa. Sheria ya Kongo kuhusu haki za mwandishi ni Ordonnance-Loi 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na nchi yetu imo pia katika Mkataba wa Berne, ambao haumdai mwandishi asajili kazi yake ndipo alindwe. Kwa mtu wa kompyuta maana yake ni hii: pale ambapo mwandishi hakusema kitu, ruhusa haipo. Msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, ulioukuta GitHub (tovuti ya kuwekea misimbo) bila faili la LICENSE waweza kuusoma na kujifunza, lakini kuuchukua na kuuingiza kwenye programu unayomuuzia mwenye depo wa komini ya Kampemba si halali, hata kama kila mtu anauona wazi.

Bei nayo haisemi lolote kuhusu ruhusa. WinRAR, programu ya kubana na kufungua mafaili, inampa mtu siku 40 za kujaribu, na siku ya 41 inaendelea kufungua mafaili kama kawaida, ila leseni inasema ulipie au uitoe. TeamViewer, programu ya kuongoza kompyuta kutoka mbali, ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani tu. Fundi anayeitumia kurekebisha kompyuta za wateja kumi huona mwishowe maneno kwamba anashukiwa kufanya biashara, na muunganisho unaanza kukatwa baada ya dakika chache. Wengi hudhani ni mtandao mbovu. Mtandao hauna kosa. Kwa kazi hiyo kuna RustDesk, ambayo leseni yake ni AGPL (mojawapo ya leseni huru nitakazozieleza chini) na seva yake unaweza kuiweka wewe mwenyewe: fungua milango ya mtandao ya TCP 21115 hadi 21117, na 21116 ya UDP pia. Hii ya UDP ndiyo inayosahauliwa, halafu watu wanasema programu haifanyi kazi.

Badala ya WinRAR kuna 7-Zip, yenye leseni ya LGPL, ya familia hiyo hiyo. Hapo pia soma hadi mwisho, maana kipande kimoja ndani yake, kile cha kufungulia mafaili ya RAR, kina kizuizi chake: huruhusiwi kutumia msimbo huo kuunda upya namna ya RAR ya kubana mafaili. Programu moja yaweza kubeba leseni zaidi ya moja, na fundi anayesoma mstari wa kwanza tu atapitwa.

Kwanza jua ulicho nacho

Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika `slmgr /dli`, ubonyeze Enter, usubiri sekunde chache. Katika maelezo yatakayotokea tafuta neno moja kati ya haya: OEM_DM, RETAIL au VOLUME_KMSCLIENT.

OEM_DM maana yake ufunguo umechomwa ndani ya bodi ya mashine tangu kiwandani. Leseni inaishi na bodi hiyo na inakufa nayo. Huwezi kuihamishia mashine nyingine. RETAIL inaweza kuhama, mradi uitoe kwanza kwenye mashine ya zamani. VOLUME_KMSCLIENT ni ya mashirika makubwa: kompyuta inatafuta seva ya shirika lake, seva hiyo haianzi kukubali mpaka ihesabu kompyuta zisizopungua 25, na kila uthibitisho unadumu siku 180 kabla ya kuhitaji kufanywa upya. Sasa, sekretaria yenye kompyuta nne karibu na soko la komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, haina seva ya namna hiyo. Ukikuta neno hilo pale, yaelekea kuna kifaa cha kudanganya kimewekwa, na kwa kawaida kifaa hicho kiliomba antivirusi izimwe kwanza. Kilichoingia wakati mlinzi amelala, hata aliyekiweka hakijui.

Kinachosikitisha ni kwamba mara nyingi udanganyifu huo haukuhitajika. Kompyuta nyingi zilizotumika Ulaya au Dubai zikaletwa kwetu zina ufunguo halali ndani ya bodi, hasa zile zilizouzwa na Windows 8 au ya baadaye. Fungua PowerShell kama msimamizi, uandike:

`(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey`

Herufi na tarakimu 25 zikitokea, mashine tayari ina leseni ya Windows iliyotoka nayo kiwandani. Kosa linaloiharibu ni hili: mashine ilitoka kiwandani na toleo la Home, fundi akaweka Pro kwa sababu ndilo alilokuwa nalo kwenye USB, ufunguo ukakataa, akakimbilia kile kifaa cha kudanganya. Dawa ni kusakinisha Home tena na kuiacha mashine ijithibitishe yenyewe ikipata intaneti.

Na hata ukiwa na leseni safi, Windows si yako kuibadilisha. Masharti yake yanasema wazi kwamba programu haiuzwi, inatolewa kwa leseni, na yanakataza kuifumua ili kuona ilivyoundwa isipokuwa pale sheria ya nchi inaporuhusu. Kuna mafundi wanaosoma mtandaoni kwamba "inaruhusiwa kufumua programu ili zisikilizane" na kufikiri ni haki ya dunia nzima. Hiyo ni Maelekezo 2009/24 ya Umoja wa Ulaya, kifungu cha 6, na inahusu nchi zao. Marekani nao wana sheria ya DMCA ya 1998, inayokataza kuvunja vifuli vya kidijitali, pamoja na orodha ya misamaha inayopitiwa kila baada ya miaka mitatu. Misamaha hiyo haikuvuka Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia.

Ruhusa, msimbo, na mlango wa kuingilia

Ili ubadilishe programu kweli unahitaji ruhusa ya maandishi, msimbo wa chanzo, na kifaa kinachokubali kupokea ulichobadilisha. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havisaidii sana.

Mzozo huu ni wa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Richard Stallman, kwenye maabara ya MIT, alitaka kuiongezea printa ya Xerox uwezo wa kuwaarifu watu karatasi zinapokwama. Kwenye printa ya awali alikuwa amelifanya jambo hilo, kwa kuwa msimbo ulikuwepo. Kwa mashine mpya msimbo ulifichwa. Mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kuunda programu huru, mwaka 1985 ikaanzishwa Free Software Foundation, na leseni ya GPL ikatoka mara ya kwanza mwaka 1989, toleo la 2 mwaka 1991, toleo la 3 mwaka 2007. Uhuru unaodaiwa humo ni wa aina nne, na unahesabiwa kuanzia sifuri kama waandishi wa programu wapendavyo: kuendesha programu kwa kazi yoyote, kuichunguza na kuibadilisha, kugawa nakala, kugawa nakala ulizozibadilisha.

Toleo la 3 lilikuja kwa sehemu kwa sababu ya ule mlango, yaani kifaa kukubali msimbo uliobadilishwa. TiVo, kifaa cha kurekodi televisheni, kilitumia Linux na kampuni ilitoa msimbo kama leseni ilivyodai, lakini kifaa chenyewe kilikagua saini na kukataa kuwaka kikiwekewa msimbo uliobadilishwa. GPL ya 3 inadai kwamba anayeuza kifaa cha nyumbani chenye programu hiyo atoe pia maelezo ya kuwezesha usakinishaji. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, imebaki kwenye toleo la 2, na ndiyo sababu simu iliyo mfukoni mwako, yenye kerneli hiyo hiyo ndani ya Android, yaweza kuwa na butloda (programu ndogo inayouwasha mfumo) iliyofungwa.

Kuhusu simu nitasema machache tu. Kufungua butloda kunafuta kila kitu kwenye simu. Baadaye programu kadhaa za benki na za pesa hukataa kufunguka kwa sababu zinakagua kama mfumo umeguswa. Kwa mtu anayeuza unit na kupokea pesa kwa simu hiyo hiyo, mimi namshauri aiache. Ruta ni habari nyingine.

Mwaka 2003 watu waligundua kwamba ruta ya Linksys WRT54G ina Linux ndani, wakadai msimbo kwa nguvu ya GPL, ukatolewa, na kutoka hapo ukazaliwa OpenWrt. Leo ruta nyingi za bei ndogo zinaikubali. Kabla hujaijaribu, geuza ruta usome kibandiko cha chini: jina la modeli halitoshi, tafuta v1, v2 au v3, kwa sababu kampuni hubadilisha vipande vya ndani bila kubadilisha jina. Tafuta modeli na toleo hilo kwenye orodha ya vifaa ya OpenWrt. Kuanzia toleo la 21.02 inahitaji angalau MB 8 za flashi na MB 64 za RAM. Zenye 4 na 32 ziliishia 19.07, na mimi sizipendekezi tena kwa kazi ya sayber (duka la intaneti). Umeme ukikatika katikati ya kuandika flashi, ruta haiwaki tena bila njia ya uokoaji ya TFTP au waya wa siriali. Kwa hiyo usiifanye kazi hii kwa kuitegemea SNEL, shirika letu la umeme, peke yake. Iunge ruta na kompyuta kwenye betri. Na ukimaliza, weka msimbo wa nchi yetu, CD, kwenye mpangilio wa redio. Leseni ya programu inakupa ruhusa juu ya msimbo, haikupi ruhusa juu ya mawimbi.

Mfano wa kazi: faktira ya dola na franga

Hapa ndipo haki ya kubadilisha inaingiza pesa. Chukua Dolibarr, programu ya faktira, stoki na wateja. Imeandikwa kwa PHP, inatumia MariaDB au MySQL, na leseni yake ni GPL toleo la 3 au la baadaye. Duka la vipuri linahesabu kwa dola, linauza kwa franga, linatoza TVA ya 16%, na mwenye duka anataka jumla zote mbili zionekane kwenye karatasi moja.

Kosa la kwanza ambalo fundi hufanya ni kufungua faili la asili, `pdf_sponge.modules.php` ndani ya `htdocs/core/modules/facture/doc`, na kuandika humo humo. Leo inafanya kazi. Siku ya kupandisha toleo, faili jipya linaikalia kazi yake na faktira zinarudi kama zamani, mara nyingi wakati matamko ya TVA yanangojewa. Njia sahihi ni kuweka moduli yako ndani ya `htdocs/custom`. Kagua kwamba kwenye `conf.php` mistari ya `dolibarr_main_document_root_alt` na `dolibarr_main_url_root_alt` haijafungwa kwa alama za maoni. Unda moduli, na kwenye faili linaloielezea weka `'models' => 1`. Nakili kiolezo kwenye `custom/modulilako/core/modules/facture/doc/`, ukiite kwa mfano `pdf_lubum.modules.php`, kisha badilisha jina la klasi liwe `pdf_lubum` na `$this->name` liwe `'lubum'`. Majina haya yasipolingana, kiolezo hakitaonekana kwenye orodha na hakuna onyo litakalokuambia kwa nini.

Washa moduli ya sarafu nyingi, sarafu kuu ikiwa USD na CDF ikiwa ya pili. Faktira ikitolewa kwa franga, Dolibarr inahifadhi yenyewe kiwango cha siku hiyo katika `multicurrency_tx`, jumla ya franga katika `multicurrency_total_ttc`, na jumla ya dola katika `total_ttc`. Basi kazi yako ni kuongeza mstari mmoja tu kwenye sehemu inayochora jumla, ukichapa hizo mbili pamoja na kiwango. Usiandike kiwango kwa mkono ndani ya msimbo! Wapo wanaoandika namba ya leo na kuzidisha. Mwezi ujao wakichapa upya faktira ya zamani, inatoka na jumla ya franga isiyolingana na ile aliyonayo mteja, na mbele ya mkaguzi wa DGI (ofisi ya kodi) karatasi mbili za namba moja zenye jumla tofauti hazina maelezo yanayopendeza. Desimali pia zipunguzwe kwenye sehemu ya mipaka na usahihi, kwa maana hakuna anayelipa senti za franga.

Kabla ya yote hayo, hifadhi nakala: `mysqldump` ya hifadhidata, folda ya `documents`, na `conf.php`. Hifadhidata peke yake haitoshi, kwani PDF na viambatisho vinakaa nje yake.

Sasa tuje kwenye leseni, ambako mafundi wengi wanateleza. Kiolezo chako kimetokana na kiolezo chao, kwa hiyo nacho ni GPL. Ukibaki nacho dukani kwako mwenyewe, hakuna anayekudai kitu. Leseni hailazimishi mtu kutangaza mabadiliko anayoyatumia peke yake. Dakika unapokiweka kwenye kompyuta ya mteja, umemkabidhi, na wajibu unaanza. Acha mistari ya hakimiliki ya waandishi wa kwanza juu ya faili, ongeza wa kwako chini yake, eleza kwamba umebadilisha na uweke tarehe. Ambatisha faili la COPYING. Mpe mteja msimbo katika hali ile ile ambayo wewe mwenyewe ungetaka kuufanyia kazi.

Hilo la mwisho linakata mizizi ya ujanja mmoja ulioenea, wa kuufunga msimbo wa PHP kwa ionCube au kitu kama hicho ili mteja arudi kwako daima. Kwa moduli uliyoiandika yote peke yako, bila kuchukua wala kutegemea kitu cha GPL, una haki ya kuifunga. Kwa kiolezo kilichonakiliwa kutoka Dolibarr, huna. Vivyo hivyo huwezi kuandika kwenye mkataba kwamba mteja "haruhusiwi kumwita fundi mwingine aiguse". GPL inakataza kuongeza vizuizi vipya juu ya vile vilivyomo. Bei, ndiyo, ni yako: toza dola 50 au 500, leseni haina neno juu ya hilo. Na aliyekosea ana nafasi ya kurekebisha. Chini ya toleo la 3, anayekiuka kwa mara ya kwanza kwa mwenye hakimiliki huyo, akaarifiwa na kusahihisha ndani ya siku 30, anarudishiwa haki zake. Toleo la 2 halina huruma hiyo. Ukikiuka, ruhusa inakatika pale pale.

Mteja akisema, "Fundi, mimi sijui mambo ya msimbo, nipe faktira tu," bado mpe. Weka kila kitu kwenye USB, umwandikie kwenye karatasi nenosiri la msimamizi, umwambie afungie pamoja na hati za duka. Siku utakapohamia Kolwezi au Kinshasa, duka lake halitasimama.

Upande wa mwenye duka, mkataba wa ukurasa mmoja unatosha, na kwa kuwa ofisi zetu zinaandika Kifaransa, uandike Kifaransa. Utaje jina la programu na toleo lake, leseni yake, kwamba msimbo wote uliobadilishwa unakabidhiwa siku ya malipo ya mwisho, na kwamba data ni mali ya duka. Kipengele cha data ndicho ninachokisisitiza zaidi ya vingine, hasa fundi anapoweka programu kwenye seva yake na wewe unaingia kwa kivinjari. Hapo hajakukabidhi programu, kwa hiyo GPL haimlazimishi kukupa msimbo alioubadilisha. Leseni inayoziba pengo hilo ni AGPL, kifungu cha 13, inayompa haki hata anayetumia kupitia mtandao. Nextcloud, kwa mfano, iko chini yake. Lakini leseni hizi zinahusu msimbo, si data yako: kwa programu yoyote ya namna hiyo, dai kwenye mkataba nakala ya hifadhidata na ya `documents` kila mwezi, na ujaribu kuifungua angalau mara moja kwenye mashine nyingine.

Leseni nyingine ni nyepesi. MIT na BSD zinataka ubakize tangazo la hakimiliki pamoja na maandishi ya leseni, basi. Apache 2.0 inaongeza kutaja mafaili uliyoyabadilisha na kubeba faili la NOTICE kama lipo, na inatoa ruhusa ya hataza waziwazi. MPL 2.0 inafuata faili moja moja: ulilolibadilisha litoe, lako jipya lifunge ukitaka. Kwenye mradi wowote tafuta LICENSE au COPYING kwenye folda ya juu, kisha tafuta mstari wa `SPDX-License-Identifier` ndani ya mafaili yenyewe, kwa kuwa folda ndogo zinaweza kuwa na leseni yake tofauti.

Kiswahili nacho ni mabadiliko

Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice.org iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Leseni iliruhusu, kwa hiyo hawakungoja kampuni ipige hesabu ya soko. Tarehe 28 Septemba 2010, sehemu kubwa ya waandishi wa OpenOffice.org walijitenga baada ya Oracle kuinunua Sun, wakaanzisha LibreOffice. Haki ile ile, kwa kiwango kikubwa zaidi.

Kwa kiwango kidogo, sekretaria ya Lubumbashi inaweza kuifundisha LibreOffice maneno yetu, ili "faktira", "komini" na "Kampemba" yasipigwe mstari mwekundu. Kwa mtu mmoja, kubonyeza "ongeza kwenye kamusi" kunatosha. Kwa kompyuta kumi, chukua kifurushi cha kamusi ya Kiswahili chenye mwisho wa `.oxt`, ni zipu ya kawaida, kifungue kwa 7-Zip. Ndani utakuta faili la `.dic`, lenye neno moja kila mstari na idadi ya maneno kwenye mstari wa kwanza, na faili la `.aff`, ambalo mstari wake wa SET unataja usimbaji wa herufi. Ongeza maneno, sahihisha idadi, uhifadhi kwa usimbaji ule ule uliotajwa. Ukibadilisha ISO8859-1 kuwa UTF-8 bila kubadilisha mstari huo, maneno yenye herufi za Kifaransa yataharibika. Kwenye `description.xml` badilisha kitambulisho na toleo, la sivyo sasisho lijalo litaifuta kazi yako. Soma README ujue leseni ya kamusi hiyo, andika humo ulichobadilisha na lini. Ukifunga zipu tena, chagua mafaili yenyewe, usichague folda iliyoyabeba: `META-INF` isipokuwa kwenye ngazi ya kwanza, LibreOffice itakikataa kifurushi.

Jambo la mwisho ni leseni zinazobadilika njiani. Chukua programu chache za seva zilizohamia leseni zenye vizuizi zaidi: MongoDB ilihamia SSPL mwaka 2018, Elasticsearch ikaacha Apache mwaka 2021, Terraform ikaenda BSL Agosti 2023, Redis ikaacha BSD Machi 2024. Elasticsearch na Redis baadaye ziliongeza AGPL kama chaguo. Kwa hizo tatu za mwisho, watu wa nje walichukua toleo la mwisho lenye leseni ya zamani wakaendelea nalo: OpenSearch, OpenTofu, Valkey. Waliweza kwa sababu ruhusa iliyotolewa juu ya toleo fulani haifutwi na leseni ya toleo linalofuata, ilimradi unatimiza masharti yake. Hivyo, kila programu unayomwekea mteja, weka kando kifurushi cha msimbo cha toleo lile lile, faili lake la leseni likiwa ndani, pamoja na namba ya SHA-256, inayothibitisha kwamba faili halijaguswa, uliyoipata kwa `sha256sum` au, kwenye Windows, `certutil -hashfile jina.zip SHA256`. Kwa Dolibarr na LibreOffice hivi viwili vinaingia kwenye USB moja ya GB 16, na nafasi inabaki.